Sili Aliyepewa Hamu

Kituo cha Kaskazi kilipewa jina lake na kamati iliyokaa chini ya feni bila ramani, maana kilikuwa kusini ya kusini, kwenye ukingo wa bara la barafu, mahali ambapo wakati wa kiangazi jua halizami kabisa. Huzunguka tu angani kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Kwa watu waliozaliwa wakihesabu saa tangu jua litoke mpaka litue, hilo lilikuwa balaa. Mwezi wa kwanza walikosana vibaya. Mtu akiambiwa zamu yake ni saa tatu anafika saa tisa, anamkuta mwenzake amechoka hata kumtukana.

Ndipo Dakta Kazungu Charo, mkuu wa kituo, akatoa sheria ambayo haikubandikwa ukutani ila kila mtu aliijua: ya mdomo ni ya Kiswahili, ya maandishi ni ya mashine. Ukisema saa mbili, ni saa mbili kama ya kwenu. Ukiiandika, andika nane, kwa sababu ndivyo mashine zinavyojua. Watu wakazoea. Wakaacha hata kutaja asubuhi na mchana, kwa kuwa jua lilikuwa lile lile.

Siku ya Madoa, Mkasi Ngwali alikuwa kwenye meza ya zamu tangu mapema. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa kisiwa cha Msukani, na kazi yake ilikuwa kuendesha sili, mnyama wa bahari za baridi anayezama kuwinda na kurudi juu kupumua. Mpakani, fomu ilipomwuliza kazi, aliandika "mtafiti", maana nani angemwelewa?

Redio ilikoroma.

"Mkasi, wanisikia?" Alikuwa Dakta Kazungu, maili ishirini juu ya barafu, kando ya tundu ambalo sili aitwaye Madoa hulitumia kupumulia.

"Nakusikia, Dakta."

"Madoa ameingia majini sasa hivi. Mtoto wake amebaki hapa juu ananililia mimi, ati ndimi mamake. Mpe hamu aelekee Paa."

"Haya."

"Na mara hii twataka namba, Mkasi. Jumatatu haiko mbali. Usije ukamkatia kabla ya saa yake, wanielewa?"

"Nakuelewa."

"Mkatie saa mbili. Mimi navuka ufa niende tundu la pili, huko redio haishiki. Tutaonana baadaye."

Akachana kipande cha boksi la biskuti, akaandika alichokisikia: Madoa, kata saa 2.

Zamani, kabla ya hamu, watafiti walikuwa wakimbandika sili kidude kichwani kwa gundi. Kidude kikapima joto la maji, chumvi na kina, na sili akaenda zake atakako. Msimu wa kubadilisha manyoya ukifika, kidude kikaanguka na manyoya ya zamani, na watafiti wakashukuru kwa walichopata. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua mambo ya bahari iliyo chini ya barafu, mahali ambapo meli haifiki na satelaiti haioni. Ila sili ana njia zake. Alikwenda kwenye samaki, wala hakujali watu walitaka kujua nini.

Basi wakabuni uzi. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, ukaingizwa nyuma ya fuvu, ukapokea amri kwa mlio unaosafiri majini, na kwa mlio huo huo kidude kikarudisha vipimo. Uzi haukumvuta mnyama wala kumchoma. Ulimfanya atake. Ghafla Madoa alijua, kwa mwili wake wote, kwamba kule mbele gizani kuna chakula kinono kuliko chochote alichowahi kula, na akakifuata kwa furaha. Kwenye nyaraka za kituo jambo hili liliitwa mwongozo wa hiari. Mezani waliliita hamu. Ni ule ule mchezo wa panya, kuuma huku anapuliza, na Mkasi alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akalala nalo, akaamka nalo, akaendelea kula mshahara.

Hamu ilikuwa na kipimo chake. Ikizidi muda wa saa mbili na nusu, mnyama huanza kusahau mengine, na la mwisho kusahau ni pumzi. Mkuu wa kituo peke yake ndiye aliyeweza kuruhusu zaidi.

Kabla Mkasi hajaingiza saa ya kukata, sili mwingine alipotea kwenye kioo cha mashine, na kumtafuta kulimchukua nusu saa. Aliporudi kwenye kipande chake cha boksi, kichwa kilikuwa kimejaa milio. Akasoma mwandiko wake mwenyewe kama sheria ilivyotaka mwandiko usomwe. Akaandika mbili. Mashine ikamjibu kwa adabu zake za chuma: saa mbili imeshapita, je, unakusudia kumi na nne? Akabonyeza ndiyo. Ikamwuliza tena: muda huu unazidi kipimo, je, ni kwa idhini ya mkuu? Mkasi akasita. Akakumbuka "mara hii twataka namba". Akabonyeza ndiyo ya pili.

Kati ya saa nane ya mashine, aliyoitaka Dakta, na saa kumi na nne aliyoiweka yeye, kulikuwa na saa sita. Laiti jua lingekuwa na adabu ya kuchomoza, lingemwambia.

*

Paa ni barafu inayoelea baharini ikiwa bado imeshikana na bara, pana kuliko mkoa mzima. Kwa chini, mahali pamoja tu, ilikuwa imeegemea mwamba wa sakafu ya bahari. Mwamba huo waliuita Nguzo. Maadamu Paa inashika Nguzo, barafu ya bara inabaki nyuma yake kama gunia nyuma ya mlango. Ikiachia, gunia linamwagika, na bahari zote zinapanda.

Msukani kulikuwa na watu elfu kumi na moja, na mahali palipoinuka kuliko pote ni makaburini. Baraza la Mwambao lilikuwa limesema mara tatu kwamba haliwezi kuhamisha kisiwa kizima kwa dhana. Lilitaka kipimo kutoka kwenye Nguzo yenyewe, nalo lingekaa Jumatatu kwa mara ya mwisho kabla ya msimu wa bamvua kubwa, maji ya bahari yanapojaa kupita siku zote.

Wiki moja nyuma Mkasi alikuwa amempeleka sili mwingine huko huko. Alipoona moyo wa mnyama unapiga mara tano kwa dakika, hakuvumilia, akakata hamu mapema. Sili akageuka, akarudi salama, vipimo vikapotea. Dakta Kazungu hakupandisha sauti. Alimwambia tu, mbele ya wote, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na watu wako ndio walio kisiwani, si wangu." Maneno yale yalimkaa Mkasi kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo alipoona Madoa anapita mdomo wa Paa na hageuki, aliufanya moyo wake jiwe. Akajiambia Dakta ana lake. Saa mbili ya Kiswahili ikapita, na yeye akaiangalia inapita kwenye kona ya kioo, imeandikwa nane, wala haikumwambia kitu.

Madoa alipata ufa ndani kabisa ya Paa, akapumua. Mkasi alipiga makofi peke yake chumbani. Kisha hamu ikamchukua tena.

Tumsifu Nkya, mwendeshaji mwenzake, aliingia na birika la chai. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, na utani wake ulikuwa mmoja tu: sisi theluji yetu tumeshaimaliza, tumekuja kumaliza ya wenzetu. Siku hiyo hakuusema. Alisimama nyuma ya kiti cha Mkasi akatazama kioo.

"Dada, huyu kaenda mbali."

"Kapelekwa."

"Na Dakta anajua?"

"Ndiye aliyesema." Akamwonyesha kipande cha boksi. Tumsifu akakisoma, akafuata sheria kama yeye, akamimina chai.

Dakika ya hamsini ya mbizi ile vipimo vilianza kufika. Joto la maji lilikuwa nyuzi moja na nusu juu ya sifuri, mahali ambapo lilipaswa kuwa chini ya sifuri. Halafu kikaja kina, na Mkasi akakisoma mara mbili ndipo akaelewa. Madoa alikuwa juu ya mwamba wa Nguzo na chini ya barafu, kwa wakati mmoja. Alikuwa akiogelea katikati yake. Kati ya Paa na Nguzo palikuwa na mita nane za maji. Barafu ilikuwa haishiki chochote.

"Mama yangu," alisema Tumsifu.

Moyo wa Madoa ulikuwa ukipiga mara nne kwa dakika. Mkasi aliweka kidole juu ya kitufe cha kukata. Angalikata wakati ule, pengine Madoa angaliwahi ule ufa wa ndani. Pengine. Lakini vipimo vilikuwa bado vinakuja, na kila mstari ulikuwa nyumba ya mtu. Nyumba ya Bi Mize, mamake. Nyumba ya shangazi zake wawili. Akakiondoa kidole, akakiweka mapajani, akakifunika kwa mkono wa pili.

Mara tatu kwa dakika, kisha mara mbili. Madoa hakuhangaika hata kidogo. Mchoro wa mwendo wake ulionyesha mnyama anayekwenda mbele bila wasiwasi, akifuata karamu yake, mpaka mstari ulipolala. Kidude kiliendelea kupima maji yaliyomzunguka kwa uaminifu mkubwa.

Mkasi alilia, kwa sauti, na Tumsifu hakujua aweke wapi birika.

*

Dakta Kazungu alirudi saa saba ya Kiswahili, theluji kwenye nyusi. Alitazama kioo, akatazama kipande cha boksi. Alikishika kwa muda mrefu.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Saa niliyosema, ama ya mashine?"

Mkasi alifungua kinywa. Hapo ndipo alipoona. "Uliyosema," alijibu. "Niliandika uliyosema. Kisha nikasoma… Dakta, nilisoma vibaya."

Kazungu aliketi. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini, na sili wa kituo kile aliwajua kwa alama zao kama wanakijiji wenzake. Alivua kofia. Kwa dakika kadhaa hakuwa mkuu wa chochote.

"Nilimwahidi yule mtoto mamake atarudi," alisema. "Upuuzi wa mzee. Watu huwasemesha wanyama."

Kisha akasoma vipimo, na ukuu ukamrudia taratibu. Alitoa Fomu Namba Tisa kwenye kabati, fomu ambayo hakuna aliyewahi kuijaza pale. Ilikuwa na visanduku viwili. Mnyama akifa kwa ajali, vipimo vyote vya siku hiyo hufungiwa milele, maana walioandika sheria waliogopa watu wasije wakafaidika na ajali zinazokuja wakati mzuri. Mnyama akifa kwa kusudi, chini ya kifungu cha dharura, vipimo vinakubaliwa, mradi mwendeshaji atie saini kwamba alijua, alipima, na akaona inafaa. Waungwana walioitunga waliona kwamba muuaji anayejua anachofanya ni wa kuaminika zaidi kuliko mtu aliyekosea.

"Ukitia tiki hapa," Kazungu aliweka kidole kwenye ajali, "unasema kweli, na Jumatatu Baraza halina kitu. Ukitia hapa, Msukani inahama."

"Na uwongo utakuwa wangu."

"Utakuwa wako. Mimi siwezi kutia saini, sikuwepo kwenye meza." Akasita. "Na kuna jingine, nisikufiche. Kifungu hiki hakijawahi kutumika. Kikitumika mara moja kikakubaliwa, mlango uko wazi. Tuna sili arobaini."

"Watataka nao?"

"Wewe wajua watu. Wakionja asali."

Mkasi alitazama visanduku. "Unataka nini, Dakta?"

"Sikulazimishi, mwanangu. Ni hiari yako."

"Hunilazimishi," alisema Mkasi kwa uchungu. "Unanipa hamu."

Dakta Kazungu alivaa kofia, akatoka nje kwenda kuzima injini ambayo ilikuwa imeshazimwa.

Mkasi akapiga simu nyumbani. Bi Mize aliipokea huku akifokea kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo? Umeshikwa na mafua?"

"Baridi tu. Mama, wakikwambieni mhame, mtahama?"

"Kwani washatwambia? Wao wanasema namba bado, namba bado. Leo chai nimeimwaga, kisima kimeingia chumvi hata sukari haifai kitu. Shangazi yako Mwanakombo kahamishia kitanda juu ya matofali." Akacheka kidogo. "Mie nimemwambia, matofali yenyewe utayapandisha juu ya nini? Wewe lakini uko salama huko?"

"Niko salama."

"Basi alhamdulillahi. Mmoja wetu."

Mkasi alikata simu. Alijiuliza swali ambalo fomu haikuwa na kisanduku chake: aliposhika kidole chake mapajani, ilikuwa ajali au kusudi? Saa aliikosea, hilo aliweza kuapa. Lakini kidole alikiondoa yeye, macho yake yakiwa wazi, na kipande cha boksi hakikuwa na neno pale. Kama angekuwa na uhakika kwamba anadanganya, angeumia kidogo. Kilichomwumiza zaidi ni kwamba hakuwa na uhakika.

Akatia tiki kwenye kusudi. Akatia saini.

*

Baraza lilikaa Jumatatu, likasoma, likakubali. Hakuna aliyeuliza juu ya sili isipokuwa mjumbe mmoja, na yeye alitaka kujua tu kama nyama yake inaliwa.

Mtoto wa Madoa alikaa kwenye tundu siku tisa. Sheria haikuruhusu kumlisha, kwa kuwa kituo hakiingilii maisha ya wanyama. Mkasi alikwenda kumwona mara moja. Mtoto alimjia akitambaa, akamnusa buti, akagundua siye, akarudi kwenye tundu na kuanza kuita upya. Siku ya kumi theluji ilianguka, na hapakuwa na sababu ya kwenda tena.

Bi Mize alipiga simu akiwa na furaha hata maneno yanagongana. "Tumeandikwa meli ya Alhamisi! Na Ijumaa iliyopita shekhe alikutaja msikitini, wanaume wote wanasikia. Kasema binti wa Ngwali hakubahatisha. Kakusudia, kasema. Alijua anachokifanya, akakifanya kwa ajili ya watu wake. Nimelia, mwanangu, mbele za watu, sikuona haya."

"Ahsante, mama."

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, mama. Nimefurahi sana."

Kibali kipya kilifika wiki iliyofuata. Kulikuwa na mabara mengine yenye visiwa vyake, na mapaa mengine yenye nguzo zake, na kila baraza sasa lilitaka kipimo kama kile cha Msukani. Sili tisa kwa kuanzia. Kila mmoja alihitaji mwendeshaji mwenye uzoefu wa kifungu cha dharura aseme kwamba amepima na ameona inafaa, na duniani kote mwendeshaji wa namna hiyo alikuwa mmoja. Mkasi alikwenda kwa Dakta Kazungu kukataa.

"Kataa," alisema Kazungu bila kumtazama. "Watakuuliza kwa nini ya kwanza ilifaa na hii haifai. Utajibu nini? Ukisema ulikosea, vipimo vya Msukani vinafungiwa. Meli zimebeba nusu ya watu."

"Na mama yangu?"

"Bado hajapanda. Alhamisi si kesho?"

Alirudi kwenye meza ya zamu. Waendeshaji wapya walioletwa kutoka vituo vingine walikuwa wamejaa chumbani, na tayari walikuwa na neno lao. Kumwacha sili kwenye hamu mpaka mwisho walikuwa hawaiti dharura tena, wala kusudi. Walisema kumpiga mkasi. Walilisema kwa wepesi, kama watu wa saluni, na baadhi yao hawakujua kwamba ni jina la mtu, na mtu huyo yuko nyuma yao anamimina chai.

Tumsifu alikuwa amekaa mbele ya kioo. Sili wa kwanza kwenye orodha alikuwa ameshafika mdomo wa Paa jingine, anazunguka, anasubiri kutaka kitu.

"Dada," alisema Tumsifu polepole. "Huyu ana mtoto wa wiki mbili. Tumpige mkasi?"

"Mpige."

Tumsifu hakubonyeza. Alibaki amemkazia macho, na hapo Mkasi akaelewa kwamba alikuwa amemwuliza ili akatazwe. Mkasi aliweka kikombe chini, akanyoosha mkono juu ya bega la mwenzake, akabonyeza mwenyewe.